Kichwa Hakilali

Nina saluni ya viti vitatu na sheria moja. Haijaandikwa popote ukutani, kwa sababu anayefanya kazi kwangu anaijua kabla hajashika kitana: kichwa hakilali. Ukianza kumsuka mtu leo, unammaliza leo, na unammaliza kwa mkono wako mwenyewe. Umeme ukikatika tunasogeza kiti mlangoni kwenye mwanga. Mvua ikinyesha tunafunga dirisha tunaendelea. Mteja hatoki kwangu upande mmoja umesukwa na upande wa pili umesimama wima. Sheria hiyo ndiyo iliyonijengea jina, na ndiyo inayofanya wateja waniite Kamanda, wengine usoni na wengine nikishawapa mgongo.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilipomkasirikia mdogo wangu nilikuwa na sababu. Haikuwa nzuri, lakini nilikuwa nayo.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Mama alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja na mimi ishirini na minne, basi nikamlea mimi. Nimemsomesha, nimemuuguza surua, nimemchapa, nimemfundisha kusuka akiwa amesimama juu ya kreti la soda ili afikie kichwa cha mtu. Alipofika miaka ishirini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na hilo nalisema mara moja tu. Wateja walikuwa radhi kukaa saa mbili kwenye benchi wakimsubiri yeye huku kiti changu kitupu. Wivu niliona, sikatai. Lakini fahari ilikuwa kubwa zaidi.

Mambo yalianzia machoni, mwaka juzi. Mke wa mwalimu mkuu alinivuta pembeni akaniambia nimuonye mdogo wangu, anawarembulia macho waume za watu wanapokuja kuchukua wake zao. Nilicheka. Wiki iliyofuata akaja mwingine na lake: Kitinda anamtazama kwa dharau, jicho nusu, utadhani ananusa kitu kilichooza. Kwa hiyo jicho hilohilo kwa mume lilikuwa mahaba na kwa mke lilikuwa dharau. Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua, nilimsimamisha Kitinda mbele ya kioo nikamwambia ajiangalie mwenyewe anavyofanya. Akajiangalia, nami nikamwangalia. Macho yalikuwa mawili, makubwa, yamefunguka kabisa.

"Yana nini?" akauliza.

Nikamwambia aache mzaha na watu, basi.

Baada ya macho ikaja mikono. Kusuka ni kazi ya kuinua mikono kutwa, kila msusi mabega yanamuuma, kwa hiyo alipoanza kusema mikono inamwishia nguvu sikumtilia maanani. Nilimwambia hata yangu inauma. Akasema haiumi, inaisha. Sikuona tofauti. Halafu akaanza kula kwa mkono mmoja chini ya kidevu, anakishikilia kana kwamba anawaza jambo zito, na nyama akawa anaiacha pembeni ya sahani. Niliyepika ni mimi, hivyo nililichukua kama tusi.

Hospitali nilimpeleka, mtu asije akasema sikumpeleka. Mama alitulea na desturi moja: hospitali huendi kama unaenda kisimani. Unakwenda umeoga, umevaa nguo iliyopigwa pasi, na siku moja kabla umelala umepumzika vizuri, ili daktari akikutazama ajue una watu wako. Nami niliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Kila Kitinda alipokuwa na miadi, siku iliyotangulia nilimzuia kufanya kazi. Nilimlaza kwenye kochi, nikampelekea chai, nikampaka mafuta miguu. Asubuhi tulitoka naye anang'aa, tukakaa kwenye benchi la hospitali saa tatu au nne, na alipoingia kwa daktari alikuwa mtu mzima wa afya aliyekuja kutembea.

Wa kwanza alisema damu imepungua, akampa vidonge vyekundu. Wa pili alikuwa daktari wa macho, akamwandikia miwani, kwa sababu Kitinda alikuwa amesema jioni anaona wateja wawili mahali alipo mmoja. Miwani ile ilimfanya aone wawili waliokolea zaidi. Wa tatu aliangalia koo kwa tochi na kusema koo ni zuri. Wa nne alimuuliza ana mchumba, akasema hana. Akamuuliza anaishi na nani, akasema na dada yake. Daktari akanitazama mimi kwa muda, akaandika msongo wa mawazo na vidonge vya usingizi. Tulipotoka nilimuuliza Kitinda yule mtu alikuwa ananitazama nini. Akasema labda alikuwa anatafuta huo msongo.

Alikuwa bado anatania wakati ule.

Vidonge vya usingizi vilimlegeza zaidi. Alikunywa siku nne akaviacha, akaficha boksi chini ya godoro ili nisigombe. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshafikia uamuzi. Madaktari wanne wamesoma, wote hawakuona kitu. Basi hakuna kitu. Mtoto wa mwisho nimemdekeza mwenyewe na sasa anadeka. Neno hilo nilianza kulisema nyumbani, halafu nikalisema saluni.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa. Kitinda alikuwa anamsuka karani wa benki aliyekuwa na safari asubuhi inayofuata, mistari myembamba, kazi ya subira. Alikuwa wa tano tangu asubuhi. Saa kumi jioni, kichwa kikiwa nusu, Kitinda aliweka kitana juu ya meza. Hakukirusha wala hakukasirika. Alikiweka tu, na mikono ikashuka mapajani.

"Dada, mikono imekataa."

"Mikono haikatai," nikasema. "Anayekataa ni mtu. Unajifanya."

Wateja watano wakasikia. Kitinda akafungua mdomo kunijibu, na sauti iliyotoka ilipitia puani, imeburuzika, imelegea. Alisema hajifanyi. Mmoja kwenye benchi akamwigiza, vilevile kwa pua, na benchi zima likacheka. Nami nilicheka. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu na mengi nimeyasahau, lakini kicheko kile nakisikia mpaka leo, na kinaniuma.

Nikamaliza kichwa cha karani mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika saluni yangu kichwa kimoja kushikwa na mikono miwili ya watu wawili, na mpaka wa katikati ulionekana wazi, mistari yake imenyooka na yangu imepinda kidogo. Baada ya wateja kuondoka nilimwambia Kitinda nampa mpaka mwisho wa mwezi. Akijirekebisha, sawa. Asipojirekebisha, kiti chake nitampa msusi mwingine na yeye atafute pa kwenda kudekea. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ufagio akaanza kufagia nywele. Alifagia kidogo, akapumzika, akafagia kidogo.

Jumatatu jioni tulikuwa tumekaa nyuma ya saluni tunakunywa chai, mimi na yeye, hatusemeshani. Akapiga funda. Chai ikatoka puani. Nikadhani amecheka, nikamtazama nijue anamcheka nani. Hakuwa anacheka. Alikuwa amejishika shingo, macho yametoka, na hewa haiingii. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni mpaka kiganja kikawaka moto. Ilichukua muda ambao siwezi kuupima. Aliporudiwa na pumzi alikaa chini sakafuni, ameegemea ndoo, na ndipo nilipoona sketi yake imekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini tatu.

"Dada," akasema, polepole, neno moja moja, "ninaogopa kula."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi uliopita. Asubuhi anaweza, uji unapita vizuri. Mchana kwa shida. Jioni hathubutu, chakula anakichukua, anakwenda nacho jikoni, anakirudisha sufuriani nisimwone. Nilikaa sakafuni karibu naye. Kila nilichokuwa nimezoea kusema kilikuwa kimeshasemwa Ijumaa.

Alipolala nilichukua simu ya saluni. Nilitaka kumtumia karani wa benki picha yake aliyoomba. Kwangu kila kichwa kikiisha hupigwa picha, ndiyo orodha tunayowaonyesha wateja wakija kuchagua mtindo. Tunapiga kutoka nyuma, mteja ameketi akitazama kioo, ili nywele zionekane vizuri. Na kwa kuwa msusi husimama ubavuni akishika ncha za nywele, uso wake hutokea kwenye kioo. Picha hizo huwa nazitazama mara mia kwa wiki. Naangalia nywele.

Usiku ule niliangalia nyuso. Alhamisi, kichwa cha kwanza, saa tatu asubuhi: Kitinda macho wazi, anatabasamu. Kichwa cha pili, sawa. Cha tatu, kope la kushoto limeshuka kidogo. Cha nne, limefika nusu. Cha tano, jicho la kushoto limefungwa, la kulia limeanza kulifuata, na tabasamu limegeuka mdomo tu uliovutwa. Jumatano, vivyo hivyo. Jumanne, vivyo hivyo. Nikarudi mwezi mzima nyuma, kisha mwaka. Kila siku ilianza na macho mawili na kuisha na moja. Siku za miadi hazikuwa na picha, kwa sababu nilikuwa nimemlaza kwenye kochi.

Anayejifanya hajifanyi kwa ratiba. Na hata angejifanya, asingeweza kujua nitakuja kuzipanga. Nikaelewa pia jambo la pili, na hilo liliniingia vibaya zaidi: kwa miaka miwili nilikuwa namchukua mgonjwa, namfuta ugonjwa kwa chai na kochi, halafu nampeleka kwa daktari akatazamwe.

Kwenye hospitali kubwa kulikuwa na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyekuja Jumatano tu. Tulifika mapema, tukapewa namba thelathini na nane. Safari hii nilimkataza Kitinda kuvaa gauni la pasi. Nilimvika aproni yake ya kazi. Lakini nilipoitazama foleni ile nikaona tumekwisha. Namba thelathini na nane maana yake saa tano za kukaa, na saa tano za kukaa zingemponya Kitinda mpaka kiasi cha kufukuzwa tena na karatasi ya msongo wa mawazo. Picha nilikuwa nazo kwenye simu, ndiyo. Lakini daktari wa nne nilikuwa nimeshamwona anavyosikiliza.

Foleni ilipofika namba ishirini na nane nikafungua mkoba. Nilikuwa nimekuja na kitana cha mkia, chanio na chupa ndogo ya mafuta. Nikavua kilemba, nikaketi sakafuni kati ya magoti yake.

"Nisuke," nikamwambia.

"Hapa?"

"Hapahapa. Mistari myembamba. Na usipumzike mpaka nikwambie."

Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Alianza upande wa kushoto, na mkono ulikuwa uleule mwepesi wa siku zote. Watu wa kwenye foleni mwanzoni walinuna. Baada ya mistari mitatu walianza kusogea kutazama, na mama mmoja mwenye bandeji mguuni akauliza saluni yetu iko wapi. Mlinzi wa mlangoni alikuja akasema hapa ni hospitali, si saluni. Nikamwambia najua, ndiyo maana tumekuja. Akasema niinuke. Nikamuuliza kama kuna tangazo linalokataza, akaenda kutafuta, na hatukumwona tena.

Kwa mstari wa nane nilisikia vidole vinachelewa. Wa kumi ulikuwa na mafundo. Sikuwa namwona, alikuwa nyuma yangu, lakini viwiko vyake vilikuwa vimeanza kulala juu ya mabega yangu, na nilivihisi vikizidi uzito. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa namtesa mtu kwa makusudi, na mtu mwenyewe ni yule niliyemlea. Niliuma meno. Nilimuuliza kama anaweza mmoja zaidi, akasema anaweza, kwa pua. Nilitaka kulia lakini foleni ilikuwa inatazama.

Namba thelathini na nane ilipoitwa, upande wangu wa kushoto ulikuwa umesukwa na wa kulia umesimama. Kitinda hakuweza kuinua mkono ashike kitasa cha mlango. Nilifungua mimi.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, amechoka naye, ana kalamu mbili kichwani. Alinitazama mimi kwanza, ikabidi.

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni huyu. Mimi ni kifaa tu."

Akamgeukia Kitinda, na nilimwona anaacha kuegemea kiti. Hakuuliza habari za mchumba. Alimwambia atazame juu, bila kupepesa, na akaanza kuhesabu kwa saa ya mkononi. Kope zikashuka zote mbili kama pazia lisilo na kamba. Akamwambia ahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Mpaka ishirini tulimsikia. Thelathini ilitoka puani. Kufikia arobaini ilikuwa pumzi tu. Kisha akamtuma muuguzi akaleta vipande vya barafu, akavitia kwenye glavu, akaifunga, akamwekea Kitinda juu ya jicho la kushoto. Dakika mbili zikapita, maji yakimtiririka shavuni. Glavu ilipotolewa, jicho lile lilikuwa wazi na la pili bado limefungwa.

Nimeona mengi kwenye kioo cha saluni, sijawahi kuona kama lile. Nikatoa simu nikampa zile picha. Alizipitisha moja baada ya nyingine, Alhamisi, Jumatano, Jumanne, wala hakuharakisha.

Alitueleza kwa maneno ya kawaida. Mwili una walinzi wake wa kupambana na maradhi, na walinzi wa Kitinda wamekosea adui: wanashambulia pale ambapo mshipa wa fahamu unaukabidhi msuli amri. Amri ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya kumi haifiki. Msuli ukipumzika au ukipozwa kwa barafu, njia inafunguka kidogo. Jina la ugonjwa alilitaja, ni refu, nikamwomba aliandike. Alisema damu itapimwa ili kuthibitisha, na kifua kitapigwa picha kuangalia tezi moja iliyo nyuma ya mfupa, lakini hataki kusubiri majibu, kwa sababu misuli ya kumeza imeshaguswa na ile ya kupumua ni jirani yake. Alimpa Kitinda bomba apulize, akatazama namba, akasema analazwa leo. Nilipomtajia vidonge vya usingizi alivuta pumzi ndefu, akaniambia nikifika nyumbani nivitupe chooni.

"Atapona?" nikauliza.

"Ugonjwa huu hauponi. Unatulizwa. Atakunywa dawa kwa miaka, labda maisha yake yote, na kuna siku utamzidi hata akizinywa." Akamtazama Kitinda. "Lakini utakula. Na utafanya kazi, kwa kipimo."

Kitinda alikuwa anafuta maji ya barafu kwenye shavu. Alikuwa anafuta hata baada ya shavu kukauka.

"Kwa hiyo nina kitu," akasema.

"Una kitu," daktari akasema.

Sijawahi kumwona mtu akipokea ugonjwa kwa furaha namna ile, na furaha ile ndiyo iliyonimaliza. Niliuliza choo kiko wapi, nikaenda kulia huko, nikarudi.

Alilazwa wiki tatu. Kidonge cha kwanza alipewa mchana uleule, na baada ya kama dakika arobaini alikunywa glasi nzima ya maji mbele yangu, funda kwa funda, wote wawili tukiitazama glasi. Kikamsokota tumbo pia, lakini alisema afadhali tumbo. Jioni muuguzi alipowasha taa za wodi, nilivuta kiti karibu na kitanda.

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia yote kwa mpangilio: nyama niliyoichukua kama tusi, kochi, Ijumaa ile, kicheko. Hasa kicheko. Nilimwambia kiti chake hakitakaliwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyonisikiliza siku ile nilipompa mwezi mmoja. Kisha akasema:

"Dada, nenda nyumbani. Hicho kichwa kinatisha wagonjwa."

Nilikwenda nyumbani, na kesho yake nikafungua saluni nikiwa vilevile, upande mmoja umesukwa na upande mmoja umesimama. Msusi wa kiti cha tatu alinifuata na kitana mkononi, akidhani anafanya jambo la kawaida. Nikamwambia kichwa hiki kina mwenyewe. Wateja walipata la kusema. Kamanda kavunja sheria, Kamanda kachanganyikiwa, Kamanda anatangaza mitindo miwili kwa mpigo. Mke wa mwalimu mkuu alisema ningevaa hata kilemba. Kilemba ninacho, sikukivaa. Kila aliyeuliza nilimweleza, kwa sauti ya kusikika benchi zima, na karani wa benki aliporudi safari nikamweleza yeye kwa sauti kubwa zaidi. Yule aliyemwigiza Kitinda alikwenda kumwona wodini na chupa ya uji, wala sikumuuliza walisema nini.

Majibu ya damu yalikuja kama daktari alivyosema. Tezi ya kifuani ilionekana imekua kidogo. Itatolewa mwakani, mwili ukipata nguvu. Kitinda alirudi nyumbani na vidonge vya aina tatu na simu inayolia kila baada ya saa nne. Zipo siku anaamka mzima, na zipo siku anakaa kitandani akishika kope kwa kidole ili asome ujumbe. Uso umemvimba kwa dawa. Anasema sasa anafanana na mimi.

Wiki ya sita alisema anarudi kazini. Nilimpangia kichwa kimoja kwa siku, asubuhi, nusu saa baada ya kidonge. Akasema cha kwanza ni changu. Upande wa kushoto ulikuwa umechakaa, nywele zimechomoza kila mahali, na wa kulia nilikuwa nimeufunga kwa mpira. Nikaketi kwenye kiti chake, mbele ya kioo. Wateja wawili walikuwa benchi, wakasimama kutazama.

Alisuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Safari hii nilikuwa nimekaa namwangalia usoni, nywele sikuziangalia hata mara moja. Mstari wa sita, kope la kushoto likashuka kiasi cha unene wa ukucha. Akaendelea. Wa saba ukachukua muda wa miwili.

"Inatosha," nikasema.

"Imebaki mitano, Dada."

"Inatosha."

"Kichwa hakilali." Alisema akicheka, lakini mkono ulikuwa umeganda kwenye mstari, hataki kuuachia. Alikuwa anaogopa. Nilikumbuka nani aliyemfundisha kuogopa.

Niliinua mkono nikakitoa kitana vidoleni mwake.

"Changu kinalala," nikamwambia. "Kitalala leo na kesho na keshokutwa. Kaa chini."

Akakaa kiti cha jirani. Tukabaki tumeelekea kioo wote wawili, yeye na jicho lake nusu, mimi na kichwa changu nusu, na hakuna mtu kwenye benchi aliyecheka. Nikanyoosha mkono nikachukua simu ya saluni mezani, nikampa.

"Piga picha."

"Hakijaisha."

"Piga."

Akapiga. Picha hiyo nimeiweka ya kwanza kwenye orodha, kabla ya zote. Wateja wakija kuchagua huanzia hapo, na wengine huniuliza huu nao ni mtindo gani. Nawaambia huo hatumsuki mtu mwingine, wafunue ya pili.